Ukili wa Eda

Habari ya kufa kwa mume wangu ilinikuta nimekwisha kufunga begi. Nilikuwa nimekuja Munje kumwamkia nyanya, nilale kwake siku moja, kisha nishike njia ya Lunga Lunga, nivuke mpaka, niende Pangani. Huko kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliyepata kuniajiri zamani. Alikuwa amenipigia simu akaniambia kwamba amechoka na wapishi wasiojua nazi, na kwamba safari hii jiko lote atanikabidhi mimi, nipike nitakavyo na niajiri nimtakaye. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimepika katika majiko ya watu, Diani, Malindi, Lamu, Tanga, kisha Diani tena, na hakuna hata moja nililoweza kuliita langu. Hilo la Pangani ningeliita langu.

Mjomba ndiye aliyeleta habari. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema mume wangu amefariki Bodo alfajiri na maziko ni baada ya adhuhuri. Akalitazama begi langu, akamtazama nyanya, akaivaa kofia yake akaenda zake.

Mwanzo sikuelewa habari ile inanihusu nini. Mimi na mtu yule hatukuwa tumelala chini ya paa moja kwa miaka mingi. Alioa mke wa pili, nikatoka na nguo zangu. Nilimtumia salamu anipe talaka yangu, akajibu kwamba atakuja tuzungumze. Hakuja, nami nikaacha kuuliza kwa kuwa sikuwa na haja ya kuolewa tena. Nilijihesabu mtu huru. Tuko wanawake wengi huku kwetu tuliokosea hivyo, tukaondoka bila talaka tukadhani umbali ni talaka.

Nyanya aliinuka, akaenda kwenye kioo kilichotundikwa chumbani, akakifunika kwa leso. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilimwambia kwamba mtu yule anaye mke huko Bodo, naye atamkalia eda.

"Ana wake wawili," nyanya akasema. "Mmoja yuko Bodo. Mwingine huyu hapa amesimama mbele yangu na begi."

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mjane hajipambi, hajitii manukato, hatoki nyumbani ila kwa dharura, na kwetu Munje mambo hukazwa zaidi ya hapo, kwa hiyo hata uani nilitakiwa nitoke wakati hakuna mwanamume anayepita. Nyanya alinipa dera jeupe lisilo ua hata moja. Sanduku lake la udi alilifunga, akauficha ufunguo mahali nisipopajua. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na dirisha dogo la mbao lililotazama ua wa makuti. Baina ya makuti mawili palikuwa na upenyo, na kupitia upenyo ule niliiona barabara ya vumbi iendayo Msambweni. Sehemu ndogo tu, kiasi cha gurudumu la baiskeli. Kila kilichopita nilikiona kipande kipande.

Juma la kwanza watu walijaa. Walikuja wanawake wa Munje, walikuja wengine kutoka Mkwiro, wakaleta wali na samaki na chai ya tangawizi, wakasoma, wakanipa pole kwa ajili ya mtu ambaye sikumjua tena. Wengine walijua hivyo wakaniangalia usoni kuona kama ninalia. Kisha wakaenda zao. Nyumba ikanyamaza, nikabaki na ule upenyo wa barabara.

Sikupata kukaa mahali hivyo. Hata nilipokuwa mtoto, nyanya alikuwa akinituma dukani nami nikarudi kwa njia ya pwani, iliyo ndefu mara tatu, kwa kuwa ile fupi naijua. Alizoea kusema kwamba nimezaliwa na mchanga wa moto chini ya nyayo. Sasa nilikuwa nikitembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, mpaka sakafu ikapata njia kama ya mbuzi. Usingizi ulinitoka. Nilikuwa na pumzi, lakini ilikuwa kama inanifika robo.

Wakati wa alasiri baada ya watu kutawanyika, nyanya aliingia na fungu la ukindu lililoloweshwa. Akajishusha mkekani taratibu, mkono mmoja ukutani, kwa maana magoti yake yalikuwa mabaya. Akaniuliza, "Umekula leo?"

Nikamwambia anajua nimekula, yeye ndiye aliyenipikia.

"Sikuuliza nani amepika."

Akachana ukindu, akaanza kusuka ukili, ule utepe mwembamba wa majani ambao ukishasukwa mrefu huzungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Alisuka kiasi cha shubiri, akanipa ncha. Nikasuka vibaya. Mimi mikono yangu imezoea kisu na mwiko. Hakunisahihisha. Tulikaa hivyo mpaka magharibi, akazungumza habari za kuku, za binti wa fulani aliyezaa pacha, za bei ya nazi, kisha akajikusanya na kusema, "Kesho, inshallah."

Na kesho akaja. Alikuwa akitoka chumba cha pili, hatua chache tu, lakini alikuja kama mgeni. Alivaa buibui. Alibisha hodi, akangoja niseme karibu.

Ndipo nilipokumbuka. Utotoni mwangu nyanya alikuwa akitoweka kila alasiri, na mimi nilidhani kila nyanya hutoweka wakati huo. Alikuwa akienda kwa wajane. Munje yote, aliyefiwa akaingia eda, nyanya alikwenda kwake na ukindu tangu watu wa matanga wanapoondoka hadi siku ya kutoka. Hakuwa mwalimu wa dini. Hakujua kusoma, alijua sura chache kwa moyo, na tasbihi yake ilikuwa imepungua punje akaziba pengo kwa fundo. Lakini alikwenda. Kama ni mvua alikwenda na mfuko wa nailoni kichwani.

Alikuwa na rafiki yake, mama mmoja wa bara, Mkristo, aliyekuja na mumewe zamani wakapewa shamba upande wa walowezi. Alikuja kuniona na kabichi mbili. Alisimama mlangoni akaniangalia nilivyokaa, akamgeukia nyanya.

"Sasa mama, huyu mmemfungia ndani kama ndama?"

"Ndama hufungwa asinyonye," nyanya akasema. "Huyu tumemfungia asirande."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Yule mama akakaa, akasema kwao mambo haya hakuna, mume wake alipokufa yeye siku chache tu baadaye alikuwa shambani na jembe, na ilimsaidia. Nikaona nimepata wakili. Nikamwambia amweleze nyanya vizuri.

Nyanya hakubishana. Alimuuliza tu, "Na huko shambani, alikuja nani?"

Yule mama aligeuza kabichi moja mikononi mwake, akaitazama.

"Ulikuja wewe," akasema. "Wewe tu."

Alipoondoka nilimuuliza nyanya alikwenda kwa Mkristo kufanya nini, naye hana eda. Akasema mfiwa ni mfiwa. Alikuwa akikaa naye kwenye mahindi, wanasuka.

Siku ile ndipo aliponieleza kisa chake. Alifiwa na babu akiwa bado kijana, na watoto watatu. Juma la kwanza watu walijaa, kama walivyojaa kwangu. Kisha hakuja mtu. Hakuna aliyemchukia, kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Alasiri ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, akasema, asubuhi kuna kazi na usiku kuna usingizi, lakini alasiri mtu anasikia majirani wakiitana kwenda kuteka maji, naye haitwi. Akaweka nadhiri, kwamba Mungu akimtoa salama kwenye chumba kile, hakuna mjane Munje atakayekaa alasiri peke yake maadamu yeye ana miguu. Alinieleza huku akisuka, bila kuniangalia.

Ilinigusa, siwezi kukataa. Lakini vilevile nilihisi kamba imezidi kukazwa. Mwanzo nilikuwa nimefungwa na maiti nisiyemjua. Sasa nilikuwa nimefungwa na nadhiri ya mtu ninayempenda. Mjukuu wake mwenyewe akitoroka eda, Munje ingesema nini? Wangesema kwamba bibi kizee anazunguka kuwashika wajane wa watu na wa kwake amemshinda.

Mwezi uliofuata mama wa Pangani alipiga simu. Alinipa pole kwa adabu zote. Kisha akasema wageni wake wanaanza kuja, na kwamba nisipofika mwisho wa juma atamchukua mpishi mwingine, ambaye amekwisha kumwona. Hakuwa na ubaya. Angefanya nini? Nyanya alikuwa uani akipepeta mchele, nami najua alisikia kila neno, kwa kuwa ungo ulisimama.

Nililala na jambo lile siku mbili. Ya tatu, baada ya adhuhuri, nilivua dera jeupe nikavaa nguo zangu. Nikampigia mwenye pikipiki mmoja wa Msambweni, mtu mzima aliyezoea kunibeba, nikamwambia aje aningoje barabarani. Nikatoa begi chini ya kitanda. Nilitaka nitoke kabla ya alasiri. Sikuweza kumtazama akibisha hodi.

Lakini alikuwa amesimama mlangoni, na ukindu mkononi, mapema kuliko siku zote.

Nilijitayarisha kwa maneno. Nilikuwa nimeyapanga yote, kwamba mtu yule aliniacha kabla hajafa, kwamba jiko halitanipata tena, kwamba Mungu anajua moyo wangu. Sikupata nafasi ya kusema hata moja. Nyanya alipita kando yangu, akaweka mkono ukutani, akajishusha mkekani pale pale nilipozoea kukaa mimi, si mahali pake.

"Nenda, mke mwenzangu," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa utani wa nyanya na mjukuu. "Mimi nitakukalia."

"Nyanya, mtu hakaliwi eda. Kila mtu hukaa yake."

"Najua. Nimekaa na wajane wote hawa nisijue?"

"Sasa?"

"Sasa nadhiri yangu ilikuwa mjane asikae peke yake. Sikuweka nadhiri ya kumfunga mtu. Hilo lingine nitazungumza na Mwenyezi Mungu mwenyewe, tumezoeana." Akaushika ukili wangu pale nilipouachia jana, akaanza kusuka. "Nenda, jua lisikuchwee njiani."

Nikatoka. Nilivuka ua nikafika kwenye lango, na mwenye pikipiki alikuwa hapo, amezima injini, akanyosha mkono kupokea begi. Barabara nzima ilikuwa mbele yangu, si kipande. Nikampa begi. Akalifunga nyuma kwa mpira.

Ndipo nilipomsikia nyanya kupitia dirisha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kila alasiri.

"Umekula leo?" akauliza.

Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Akangoja kidogo, kama kuna wa kumjibu, kisha akaendelea. Akaeleza kwamba kuku yule mweusi ameanza kutaga nje ya banda. Akaeleza kwamba binti aliyezaa pacha, mmoja wao hanyonyi vizuri. Akasema bei ya nazi imepanda tena. Alikuwa akikaa na mjane, kama alivyoahidi. Kwamba mjane mwenyewe hayupo, hilo halikumzuia.

Mwenye pikipiki aliniuliza kama tunakwenda. Nikamwambia anifungulie begi.

Nilirudi nimekasirika, na hilo nataka lijulikane. Sikurudi kwa ucha Mungu, wala sikurudi kwa ajili ya yule aliyezikwa Bodo. Nilirudi kwa kuwa bibi kizee mwenye magoti mabovu alikuwa akizungumza na sakafu, na mlango ukiwa wazi kabisa ndipo nilipoona siwezi kuupita. Angenikataza, leo ningekuwa Pangani.

Hakuinua kichwa nilipoingia.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

"Basi shika huku, mkono umenichoka."

Mpishi mwingine akapata jiko. Nimesikia anapika vizuri. Siku zilizobaki hazikuwa nyepesi zaidi, na nitasema uongo nikidai kwamba moyo wangu ulitulia. Niliendelea kutembea ile njia yangu ya mbuzi. Niliendelea kuuchungulia ule upenyo, na kila gari lililopita nilidhani linakwenda mpakani. Lakini alasiri ilipofika nilikaa, na hodi ilipopigwa nilisema karibu, na nilipoulizwa kama nimekula nilijibu. Siku nyingine nilijibu vibaya. Naye alipokea lile jibu baya kama alivyopokea zuri, akaniambia kesho, inshallah.

Siku ya kutoka eda, nyanya na wanawake wawili wa makamo walinipeleka pwani asubuhi mapema wakaniosha kwa maji ya bahari, kisha maji baridi ya kisima. Dera jeupe likatolewa sadaka. Kioo kikafunuliwa. Nikajitazama nikaona mtu mzima. Nyanya akaukata ukili wangu, akaniachia sehemu kubwa nishone mkeka nikitaka, na kipande akakitia kwenye kikapu chake cha chini ya kitanda. Sikuuliza ni cha nini.

Nikaenda Diani, si mbali. Nikapata kazi katika jiko la mtu. Ijumaa nilikuja Munje. Na Ijumaa moja nilipofika nilimkuta amelala kwenye kitanda cha uani, tasbihi mkononi, kidole kimesimama kwenye lile fundo. Alikuwa bado ana joto.

Wanawake walimwosha, wakamvisha sanda. Kabla wanaume hawajaingia kulichukua jeneza, shangazi alitoa nyuma ya kabati mkeka ambao sikuwahi kuuona, akasema nyanya aliusia afunikwe kwa huo. Wakaukunjua juu yake.

Mkeka ulikuwa mbaya. Nasema kwa heshima. Mkeka mzuri ukili wake ni wa upana mmoja, mkono mmoja. Huu kila ukanda ulikuwa na upana wake, mmoja umekazwa kama kamba, mwingine umelegea hata mwanga unapita, rangi hizi na zile, zilizofifia na mpya, zote zimeunganishwa kwa mshono wa nyanya. Kisha mwanamke mmoja wa karibu na kichwa akanyosha kidole, akagusa ukanda mmoja, akasema polepole, "Huu wangu." Mwingine akainama. Wakaanza kutafuta. Wengine walikuwa wazee kuliko nyanya, wengine wa rika langu, kila mmoja akipapasa kwa vidole kama anayetafuta punje katika mchele. Yule mama wa bara alikuwa nyuma, anaogopa kusogea. Wakampisha. Aliuona mara moja.

"Huu wangu, mbaya kuliko yote," akasema, akakaa chini akalia.

Wangu ulikuwa pembeni, mwishoni mwa mshono. Umelegea, unakwenda kombo, kama nilivyosuka. Kisha palikuwa na kiasi cha shubiri mbili palipokazwa vizuri, sawasawa, kila jani mahali pake, mkono wa nyanya wa alasiri ile niliyotoka na begi. Kisha unalegea tena. Nyanya alikuwa amekata hapo kwa makusudi.

Wanaume wakalichukua jeneza.

Baada ya maziko mjomba alirudi na ule mkeka umeviringishwa, ameubeba begani. Akasema haukuusiwa ubaki makaburini, ni wangu. Nilimuuliza niufanyie nini. Maisha yangu yote yametoshea kwenye begi moja, na mkeka haukunjwi kama nguo, huviringishwa, na ule kwa urefu wake hauingii hata kwenye tuktuk ila utokeze nje. Mjomba akasema hajui, hayo ni mambo yenu wanawake.

Nilisema nitakaa hadi arobaini. Kabla arobaini haijafika, mvuvi mmoja wa hapa Munje alifariki, akaacha mke ambaye hajafika hata miaka ishirini na mitano. Watu walijaa juma zima. Kisha nikawasikia majirani wakiitana kwenda kuteka maji, na nikajua saa ile yuko katika hali gani. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda.

Nilikwenda na ukindu wa nyanya uliobaki. Nilibisha hodi. Yule binti alikuwa amesimama dirishani, na sakafu yake tayari ina njia. Aliniuliza atakaa hivi mpaka lini, naye anajua jibu kama ninavyolijua mimi. Sikumwambia kwamba atazoea, maana mimi sikuzoea. Nilimuuliza kama amekula. Magharibi ilipoingia nilijikusanya, na maneno yakatoka kabla sijayapima.

"Kesho, inshallah."

Simu za kazi zinaendelea kuja. Juzi nimeitwa Malindi. Begi liko chini ya kitanda cha nyanya, sijalifungua wala sijalichukua, na usiku nyayo zangu zinawasha kama alivyosema. Mkeka umesimama kwenye pembe ya chumba, umeviringishwa, mrefu kunishinda mimi. Ikiadhiniwa alasiri naanza kuvitafuta viatu vyangu.